Nyanya za kienyeji Dar es Salaam na tabia zake kila msimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyanya ya kienyeji ni ipi hasa?

Asili ya nyanya ni Amerika ya Kusini, kwenye miteremko ya milima ya Andes, na ilianza kulimwa sana Mexico. Hapa kwetu ni mgeni aliyelowea. Tunapoandika "kienyeji" tunamaanisha mbegu ambazo wakulima wamekamua, wamekausha na kurithishana kwa miaka mingi bila kupitia kiwandani: zile bapa zenye mikunjo na ngozi laini, zile za duara zenye maji mengi, na zile ndogo za vishada zinazoota zenyewe jalalani na kando ya bafu.

Tengeru 97, Tanya, Cal J na Roma si za kienyeji. Hizo ni mbegu zilizoboreshwa, ingawa unaweza kukamua mbegu zake na zikatoka vilevile. Mbegu chotara ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa ukikamua zake, kizazi kinachofuata hutawanyika na kila mche huja na sura yake.

Jambo kubwa la kujua kuhusu mbegu ya kienyeji ni kwamba haifanani ndani yake. Ukipanda miche 40 kutoka kwenye pakiti moja, utakuta mingine inatangulia kuzaa na mingine inachelewa, mingine inahimili maji na mingine inanyauka. Kwa hiyo ikibadilika kwa msimu, hali ya hewa inaweza kuwa imebadilisha mche uleule. Inawezekana pia msimu umeua miche ya aina fulani na kuacha ya aina nyingine. Majibu mengi hapa chini yanategemea kutenganisha mambo hayo mawili.

Mbegu ileile ilizaa sana Agosti. Mbona Februari maua yote yameanguka?

Sababu kubwa ni joto la usiku. Watu huangalia jua la mchana, lakini nyanya huumizwa zaidi na usiku usiopoa. Dar, Julai na Agosti, usiku hushuka hadi takriban nyuzijoto 18 au 19. Januari hadi Machi usiku hubaki kwenye 24 au 25, na mchana hufika 31 hadi 33. Usiku ukipita nyuzi 21 hivi, na mchana ukipita 32, chavua huanza kupoteza uhai. Ua linafunguka vizuri, linang'aa, lakini halitungi tunda. Baada ya siku chache kikonyo hugeuka njano kwenye kifundo chake na ua linadondoka.

Chavua huharibika kabla ua halijafunguka, likiwa bado kifumba, takriban siku 7 hadi 15 nyuma. Ndiyo maana siku mbili za mawingu na upepo mzuri hazikupi matunda papo hapo. Maua unayoyaona leo yaliumia wiki iliyopita au kabla yake. Ukianza kumwaga mbolea kwa hasira kwa sababu maua yanaanguka, utapata majani tu.

Nyanya kubwa, zenye vyumba vingi ndani, ndizo za kwanza kushindwa. Zile ndogo za vishada huendelea kutunga hata Februari. Kama unataka nyanya za kienyeji kiangazi, panda hizo ndogo na usilazimishe zile bapa.

Nitajuaje kama ni joto au kitu kingine?

Nenda shambani saa 3 asubuhi na simu yako. Chagua ua lililofunguka kabisa, weka kioo cheusi cha simu chini yake, kisha ligonge kwa ukucha mara tatu nne. Chavua nzima humwagika kama unga laini wa rangi ya krimu. Kama kioo kinabaki kisafi kwenye maua matano au sita ya miche tofauti, chavua haipo au imeganda kwa unyevu. Rudia saa 5, umande ukiwa umekauka. Ikitoka sasa, tatizo lilikuwa unyevu, na hilo linatibika.

Kisha tazama katikati ya ua. Kuna mrija wa njano uliosongamana, na ndani yake kijiti cha kijani cha kike. Kwa kawaida ncha ya kijiti hubaki ndani ya mrija au usawa wa mdomo wake, na ua hujichavusha lenyewe. Kwenye joto kali kijiti hurefuka na ncha hutokeza nje, hivyo chavua inadondoka bila kuigusa. Ukiona ncha zimechomoza kwenye maua mengi, joto limehusika.

Kama unga upo na ncha iko ndani, tafuta sababu nyingine: samadi ya kuku iliyozidi, kivuli cha mwembe, au udongo uliokauka kisha ukafurika.

Dawa ya unyevu ni kutikisa. Kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, gonga mti wa kuegeshea kila mche, mara mbili au tatu, kila siku wakati wa maua. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao hufanya kazi hiyo kwa mtetemo wa misuli ya mbawa zao, kwa hiyo usipulize sumu asubuhi.

Nipande lini basi?

Anza na maua, urudi nyuma. Unataka maua yafunguke katika miezi ambayo usiku umepoa, yaani Juni hadi Septemba. Kutoka kusia mbegu hadi ua la kwanza ni takriban siku 60: wiki nne kitaluni, kisha siku 30 hadi 35 baada ya kupandikiza. Hivyo mbegu zisiwe kitaluni mapema kuliko katikati ya Aprili, wala zisichelewe kupita katikati ya Julai. Tunda huchukua siku 45 hadi 50 kutoka ua hadi kuiva wakati wa kipupwe, na siku chache pungufu kukiwa na joto. Mavuno yataangukia mwishoni mwa Julai hadi Novemba.

Ugumu ni kwamba Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Dar. Kitalu cha Aprili lazima kiwe na paa la nailoni angavu, mita moja juu ya tuta, pande zote wazi upepo upite. Ukifunika pande, miche hurefuka, hulegea shingo na kuoza ikiwa midogo. Sia mistari yenye nafasi ya sentimita 10, kina sentimita 1. Mche uko tayari ukiwa na majani halisi manne au matano na shina nene kama penseli nyembamba. Siku saba kabla ya kupandikiza punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo.

Bunju, Chanika, Pugu na Kigamboni hazifanani. Ufukweni usiku haupoi sana kama bara, na kwenye vilima vya Pugu umande hukaa muda mrefu asubuhi. Sogeza tarehe kwa wiki moja au mbili kulingana na ulichoona mwaka uliopita.

Na mvua zenyewe hazitabiriki. Nifanyeje?

Usipange kwa jina la msimu peke yake. Oktoba 2022 ukame ulipunguza maji ya Mto Ruvu hadi mgawo wa maji ukaanza jijini. Vuli ya mwaka uliofuata ikaja na El Niño na mafuriko. Mkulima aliyepanda tarehe ileile miaka yote miwili alikutana na misimu miwili tofauti. Fuata utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha sia kwa awamu: theluthi moja ya mbegu sasa, theluthi baada ya wiki mbili, na theluthi ya mwisho baada ya mbili nyingine. Mbegu iliyobaki kwenye chupa haipati hasara.

Kwa nini nyanya zangu zinaiva rangi ya chungwa badala ya nyekundu?

Wekundu wa nyanya hutengenezwa vizuri kwenye nyuzijoto 20 hadi 25. Tunda likipita 30, wekundu husimama lakini rangi ya njano huendelea, na matokeo ni chungwa. Tunda lililo juani huwa na joto zaidi ya hewa inayolizunguka, hivyo upande wa jua ndio unaobaki na njano. Si ugonjwa, na mbegu yake si mbaya.

Usipogolee majani kiangazi kama ulivyozoea kipupwe. Acha yafunike vishada. Vuna tunda likianza kuonyesha wekundu kitakoni, lipange safu moja kwenye chanja kivulini mahali penye hewa. Litaiva likiwa jekundu zaidi kuliko lililoachwa mtini.

Zinapasuka kila mvua ikinyesha. Ni lazima?

Kwa nyanya za kienyeji zenye ngozi nyembamba, kupasuka ni tabia ya kuzaliwa. Ngozi iliyokomaa haitanuki tena. Mche ukinywa maji ghafla baada ya kiu, nyama inavimba na ngozi inaachia. Nyufa za duara kuzunguka kikonyo na nyufa zinazoshuka kama miale zina chanzo hichohicho. Ndiyo sababu kubwa kwa nini masoko ya Ilala na Mabibo yamejaa nyanya ngumu kutoka Iringa na Morogoro: zile huvumilia tenga na lori, hizi za kwetu haziwezi.

Weka matandazo ya nyasi kavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, usiguse shina. Mwagilia kidogo kila siku badala ya mara moja kwa wingi. Mche mkubwa wenye maua na matunda unataka lita 1.5 hadi 2 kwa siku kwenye mchanga wetu. Wingu likijikusanya, vuna zote zilizoanza kubadili rangi.

Mwaka huu zimekuja na pembe na ndani ni tupu. Mbegu imechoka?

Kata tunda moja kati kwa mlalo. Ukiona vyumba vina nafasi tupu, ute kidogo na mbegu chache zilizosambaa, uchavushaji haukukamilika. Mbegu ndizo zinazosukuma tunda lijae. Chumba kisicho na mbegu hakijai, na tunda hupata pembe. Hutokea sana kwa matunda yaliyotunga Desemba hadi Machi. Mbegu hiyohiyo ukiipanda Mei itatoa tunda lililojaa.

Baridi nayo ina umbo lake. Ukipeleka nyanya bapa ya kienyeji Lushoto na kuipanda wakati wa baridi, maua hujengwa na vyumba vingi zaidi, mikunjo inaongezeka na mengine hutoka yameungana na kovu kitakoni.

Ladha inabadilika kweli, au ni mawazo?

Inabadilika. Nyanya ya Aprili imelowa maji na imekosa jua, sukari yake imezimuliwa. Ya Septemba, iliyomwagiliwa kwa kiasi, ina utamu na uchachu unaosikika hata kwenye kachumbari yenye kitunguu kingi. Ukitaka ladha, punguza maji robo tunda likishafikia ukubwa wake, lakini usiukaushe mche.

Kitako cheusi kinatokea kiangazi tu. Ninyunyize dawa gani?

Usinunue dawa ya ukungu. Doa jeusi kavu, lililobonyea, upande ulio mbali na kikonyo, ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na kalsiamu husafiri na maji. Maji yakikatikakatika, kalsiamu haifiki kitakoni hata kama imejaa udongoni. Nyanya ndefu kama yai huathirika zaidi ya zile ndogo.

Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na chumvi huzidi kisima kinapopungua kiangazi. Chumvi huzuia mizizi kunywa; matunda huwa madogo, huenda yakawa matamu zaidi, na kitako cheusi huongezeka. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, changanya na maji ya mvua au ya bomba, na mara moja kwa wiki mwagilia kwa wingi hadi maji yapite chini ya mizizi.

Masika miche inanyauka ikiwa ya kijani. Kuna namna?

Fanya jaribio kwanza. Kata kipande cha shina cha sentimita 5 karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha moja tu ikizama, usitikise. Baada ya dakika tano hadi kumi ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa mche na udongo wake, uchome, na usipande hapo nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa, panda mahindi.

Kama uzi hautoki, chimbua mizizi. Vifundo kama shanga ni minyoo fundo, ambayo hupenda mchanga wa Dar. Mizizi ya kahawia inayonuka imezama maji.

Kwa masika tumia matuta ya sentimita 30 kwenda juu, nafasi ya sentimita 75 kati ya miche, na ondoa majani yote ya chini hadi sentimita 30 kutoka ardhini, kwa sababu bakajani tangulia, ugonjwa wa ukungu wa madoa kwenye majani, hupanda kwa matone yanayoruka kutoka kwenye udongo. Mwenye subira anaweza kubebesha nyanya ya kienyeji juu ya shina la bilinganya ya aina inayostahimili mnyauko, ambalo huvumilia pia mafuriko ya siku chache. Bilinganya itangulie: isie siku tano hadi saba kabla ya nyanya ili mashina yalingane unene.

Kiangazi shida ni wadudu gani?

Inzi weupe wanaoleta rasta (ugonjwa wa virusi unaokunja majani na kudumaza mche), kantangaze (nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda) aliyeingia nchini mwaka 2014, na utitiri. Mche uliopata rasta kabla ya maua hautazaa, ng'oa. Chandarua cha mbu hakizuii inzi weupe. Matundu yake ni makubwa kuliko mdudu. Kitalu kinahitaji neti maalumu yenye matundu ya robo hadi theluthi ya milimita.

Nikamue mbegu za msimu gani?

Hapa ndipo wengi wanapoharibu mbegu nzuri bila kujua. Kipupwe kila mche unazaa, matunda ni makubwa, na mtu anachukua lile zuri kuliko yote kwa mbegu. Akifanya hivyo miaka mitano mfululizo, amechagua miche inayopenda kipupwe tu. Ile iliyokuwa na uwezo wa kutunga usiku wa joto imepungua ndani ya mbegu yake, hakuna aliyeiona ikipotea.

Tenganisha. Kila mwaka panda miche 20 hadi 30 katika msimu mgumu kwa ajili ya mbegu tu. Kiangazi, funga uzi wa rangi kwenye miche iliyotunga matunda Februari wakati jirani zake zimedondosha maua. Masika, funga kwenye iliyobaki na majani mabichi baada ya wiki tatu za mvua. Hesabu matunda ya mche mzima, usivutwe na ukubwa wa tunda moja. Mbegu zake zipewe jina lake, "ya kiangazi" au "ya masika", zisichanganywe na za kipupwe.

Kwa mbegu ya jumla, kusanya kutoka miche isiyopungua 20, tunda moja au mawili kila mche, hata ile ya wastani, ilimradi haina ugonjwa. Mche wenye rasta au mnyauko usiguswe.

Zitachanganyika na nyanya nyingine?

Kwa kawaida nyanya hujichavusha na mchanganyiko ni mdogo. Lakini kumbuka kijiti kinachotokeza nje wakati wa joto: hapo nyuki huweza kuleta chavua ya jirani. Kwa mbegu ya kiangazi, vika kishada mfuko wa kitambaa chepesi kabla maua hayajafunguka, tikisa kila asubuhi, na ufungue matunda yakiwa kama gololi. Weka uzi ili uyajue.

Hatua za kukamua ni zipi?

Acha tunda liive kupita la kula. Kamua mbegu na ute kwenye kikombe cha plastiki au glasi, ongeza maji kidogo tu. Funika kwa kitambaa. Kwa joto la Dar saa 24 hadi 48 zinatosha. Maelekezo ya siku tatu au nne ni ya nchi za baridi, na hapa mbegu zitaanza kuota kikombeni. Ute ukiachia na utando mweupe ukionekana juu, jaza maji, koroga, mwaga zinazoelea, rudia hadi maji yawe safi. Tandaza kwenye sahani au chujio, siyo karatasi, kwa sababu zitagandia. Kausha kivulini penye upepo siku nne au tano, ukizigeuza. Mbegu kavu huvunjika ukiikunja, ikipinda bado.

Ukiwa na kipimajoto, maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 hupunguza bakteria juu ya mbegu. Bila kipimajoto usijaribu, utazipika.

Kwa nini mbegu zangu hazioti mwaka wa pili?

Unyevu wa hewa yetu. Mbegu ya nyanya iliyokauka vizuri hukaa miaka minne na zaidi, lakini kwenye karatasi juu ya kabati Dar hufa mapema. Kaanga mchele bila mafuta hadi ukauke kabisa, uache upoe, jaza nusu ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, weka bahasha ya mbegu juu, funga wiki mbili. Kisha toa mchele, funga tena, weka kwenye friji. Ukitoa chupa, usiifungue hadi ipate joto la chumbani, la sivyo umande utatua juu ya mbegu.

Kabla ya kusia, weka mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku saba hadi kumi. Zikiota 16, safi. Zikiota 8, sia maradufu.

Naweza kuuza mbegu hizi?

Uuzaji wa mbegu kibiashara unasimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na mbegu ya kuuzwa lazima ipite kwao. Uliza pia kuhusu daraja la mbegu za kuazimiwa ubora (QDS), linalowafaa wazalishaji wadogo.

Niandike nini kwenye bahasha?

Si "nyanya 2025". Andika jina la aina, tarehe ya kusia, wiki ambayo maua yalifunguka, mwezi wa kuvuna, idadi ya miche iliyokamuliwa, na jambo moja ulilolichagulia. Mfano: "Bapa yenye mikunjo, Chanika. Imesiwa 3 Desemba, maua wiki ya kwanza ya Februari, imevunwa mwishoni mwa Machi. Miche 6 kati ya 28. Ilitunga usiku wa joto, ngozi hupasuka."